Meli ya polepole ya Mui Wo, na vuli ya kisiwa cha Lantau

Wengi wetu tunaokwenda Hong Kong kununua spea za simu tunaijua kwa upana wa jengo moja tu, Chungking Mansions: ghorofa 17 za vyumba vya kulala, maduka ya jumla na harufu ya mchuzi wa Kihindi tangu asubuhi. Mzigo ukishalipiwa, wakala anaufunga, nawe unakaa kusubiri. Hiyo siku ya kusubiri ndiyo inayonifanya niandike. Ikikuangukia Oktoba au Novemba, toka humo ndani ukapande meli ya polepole iendayo Mui Wo, kisiwani Lantau. Katika huduma zote nilizowahi kulipia mji ule, hii ndiyo ninayoipa nyota tano bila kusita.

Aliyenielekeza ni mama mmoja wa Mombasa, mzoefu wa njia hizo kunishinda. Tulikuwa kwenye foleni ya lifti.

"Mwanangu, wewe mtu wa Unguja, tangu ufike hujakwenda baharini?"

"Naiona kila nikivuka kwenda mjini, mama."

"Pale ni bandarini tu. Nenda Mui Wo. Na usipande ile ya kasi, panda ile nzito."

Njia yenyewe haina ugumu. Kutoka Tsim Sha Tsui, mtaa iliko Chungking, unavuka kwa Star Ferry, zile meli za kijani na nyeupe ambazo kampuni yake ilianza mwaka 1888, zinakushusha gati namba 7 upande wa Central, katikati ya mji. Gati namba 6, la Mui Wo, liko jirani yake. Unatembea hatua chache tu. Kadi ya Octopus, ile ya kulipia nauli, inatosha kwa vyombo vyote viwili na kwa basi utakalopanda baadaye.

Sasa hapo gatini pana vyombo vya aina mbili, na watu wa haraka wote hukimbilia boti ya kasi. Hiyo inafika mapema zaidi, lakini nauli yake ni karibu mara mbili, na ndani umefungiwa vioo kama uko ofisini. Meli ya polepole huchukua chini kidogo ya saa moja. Lipia daraja la juu, linalozidi kidogo tu, kwa sababu kule juu nyuma pana sehemu iliyo wazi. Kaa hapo. Mtu aliyezoea boti za Dar na Unguja atashangaa kwanza utulivu: hakuna televisheni inayopiga kelele, hakuna wa kusukumana naye mlangoni. Wakazi wa kisiwani wanasoma, wanasinzia, au wanawapigia simu watoto wao. Majengo marefu yanarudi nyuma polepole, zinapita meli za kontena zenye mizigo ambayo pengine baadhi yake ni ya kwetu, halafu visiwa vidogo vinaanza kujitokeza, Peng Chau upande mmoja, Hei Ling Chau upande wa pili.

Upepo ndio wa kusimuliwa. Majira ya joto Hong Kong ni jasho, mvua na vimbunga, na ikipandishwa ishara namba 8 ya tahadhari ya kimbunga meli husimamishwa. Oktoba mambo hubadilika, inaingia vuli yao, si ya mvua kama yetu bali majira ya kuelekea baridi. Bara la Asia likianza kupoa, hewa nzito hushuka kutoka upande wa Siberia, ikapita juu ya China hadi baharini, kavu na safi. Joto la wastani Oktoba huwa kama nyuzi 25 na Novemba kama nyuzi 22. Kupoa huko huko kwa Asia ndiko baadaye hutuletea sisi pepo za kaskazi, zile zinazoshika Desemba na zilizowaleta mababu na majahazi yao kutoka Arabuni. Niliposimama pale nyuma ya meli niliutambua ule upepo usoni kabla sijajua habari zake. Kwetu miezi hiyo watu wanatazama mawingu wakingojea mvua. Kule ndiyo miezi mikavu, mbingu ziko wazi, milima inaonekana mbali kabisa.

Mui Wo ni mji mdogo mwishoni mwa ghuba iitwayo Silvermine, kwa sababu ya mgodi wa fedha uliochimbwa karne ya 19. Ukishuka utakuta baiskeli zimeegeshwa kwa mamia karibu na gati, na kituo cha mabasi hapo hapo. Chukua basi namba 3M la kwenda Tung Chung, mwambie dereva Pak Kung Au. Hicho ni kipito katikati ya milima miwili: Lantau Peak wenye mita 934, na Sunset Peak wenye mita 869. Safari yetu ni huu wa pili.

Kupanda ni ngazi za mawe, nyingi, hazina kivuli wala duka. Mimi hubeba maji, chapati na sambusa za asubuhi kutoka ghorofa ya chini ya Chungking, nikishakuwa na uhakika na chakula sina la kuhangaikia. Mtu wa afya ya kawaida atatumia kama saa moja na nusu, akiwa anasimama kupumua na kutazama nyuma.

Na juu kule ndiko vuli ilipo. Usitarajie misitu myekundu ya kwenye kalenda za Ulaya na Japani. Lantau iko kusini, miti yake mingi haipukutishi majani. Vuli yake imo kwenye nyasi. Ni nyasi ndefu za ukoo wa muwa, zinazopita kiuno cha mtu mzima, na Oktoba zinachanua mashuke. Mwanzoni yana wekundu hafifu, yakifunguka yanakuwa meupe ya fedha, na kuelekea Desemba yanageuka dhahabu iliyochakaa. Upepo ukipita, ubavu mzima wa mlima unapanda na kushuka kama mkeka unaokung'utwa. Sikuwahi kujua kwamba jani la kawaida, lisilopandwa na mtu wala kumwagiliwa, linaweza kumkalisha mtu chini akasahau bei za vioo vya simu. Nilikaa. Jua lilikuwa linapita ndani ya mashuke kutoka nyuma, kila moja likawa na ukingo wa mwanga, na sauti yake ni mnong'ono mkavu usiokatika.

Kati ya nyasi hizo vimetawanyika vijumba vya mawe vilivyojengwa na wamisionari karibu miaka mia moja iliyopita, walipokuwa wakikimbia joto la chini. Ni vya watu. Usiende ukajaribu milango. Upande wa kaskazini, chini kabisa, unauona uwanja wa ndege, ule ule tunaoshukia na mabegi yetu matupu. Nimetua pale mara nyingi bila kuinua macho juu kutazama kuna nini.

Upungufu upo. Ule upepo mzuri wa nyuma ya meli ukifika mwishoni mwa Novemba unakuwa baridi hasa kwa mtu wa pwani. Vaa jaketi, na kinamama wenzangu, funga mtandio vizuri. Jumapili na sikukuu nauli ya meli iko juu, na Jumamosi na Jumapili kituo cha basi kina foleni ndefu, na mlimani watu wamejaa wakipiga picha. Linaloniumiza zaidi ni wale wanaoacha njia na kulaza nyasi chini ili wapate picha ya peke yao. Shuke lililovunjwa halisimami tena msimu huo. Epuka pia sikukuu ya Chung Yeung, siku ya tisa ya mwezi wa tisa wa kalenda ya Kichina, ambayo mara nyingi huangukia Oktoba: ni siku yao ya kupanda milima na kusafisha makaburi ya wazee, na haki ya njia ni yao. Nenda Jumanne au Jumatano.

Kuhusu jina la mlima, yaani Kilele cha Machweo, wengi husubiri jua lizame ndipo washuke. Novemba linazama kama saa kumi na moja na dakika arobaini, na zile ngazi gizani si mchezo. Chukua tochi ya kichwani au anza kushuka mapema. Mimi hushuka mapema, nikaswali na kupumzika Mui Wo kabla ya meli ya jioni.

Mwenye magoti mabovu asiikose safari kwa sababu ya mlima. Ashukie Mui Wo abaki huko huko: kuna njia ya tambarare kando ya ghuba, kuna maporomoko madogo ya maji nyuma ya vijiji, na kwenye mashamba ya zamani ya mpunga nyati wa majini wamelala kwenye matope, hawana mwenyewe anayewafunga. Meli ya kurudi aangalie ratiba ubaoni, kwa sababu za kasi na za polepole zimechanganywa, na ile ya polepole ndiyo ya kungojea.