Picha 30 za Ukungu, Miamba na Maji: Tathmini ya Kasha la Mpigapicha Asiyejitaja

Mpigapicha aliyetengeneza kasha hili hakuandika jina lake popote. Juu ya kifuniko kuna muhuri mdogo mwekundu tu, mfano wa ile ambayo wachoraji wa Kichina hugonga pembeni mwa kazi zao, na ndani zimo picha 30 za rangi nyeusi na nyeupe zilizochapwa kwenye karatasi nzito ya pamba isiyong'aa. Nashuku kwamba hata idadi hiyo imechaguliwa makusudi, kwa kuwa sura ya 11 ya Dao De Jing, kitabu cha falsafa ya Tao (Dao, yaani "njia") kinachonasibishwa na Laozi, mwanafalsafa wa kale wa China, inazungumzia spoki 30 zinazokutana kwenye kitovu kimoja, na kusema kuwa ni ule uwazi wa kitovuni unaolifanya gurudumu lifae. Nimekaa na kasha hili majuma sita, nikitazama picha moja kila asubuhi, na naliona kuwa kazi nzuri sana ambayo mwenyewe ameiharibu kidogo kwa kutoiamini.

Uzuri wake uko milimani. Picha 12 za mwanzo zimepigwa Huangshan, katika mkoa wa Anhui nchini China, penye vilele vya graniti na misonobari inayoota kwenye nyufa za miamba, na ambako mawingu hutanda mabondeni hadi vilele vikaonekana kama visiwa. Wengi wamekwisha kupita njia hii. Lang Jingshan, mpigapicha wa Kichina aliyeishi kuanzia 1892 hadi 1995, alijulikana kwa kuunganisha sehemu za negativu mbalimbali ili apate picha yenye mpangilio wa mchoro wa wino. Huyu wetu haunganishi chochote. Anausubiri ukungu umfanyie kazi ya kufuta. Katika picha ya 7, ninayoipenda kuliko zote, msonobari mmoja umejibanza kwenye pembe ya chini, na karibu robo tatu ya karatasi haina kitu ila kijivu kinachofifia taratibu kuelekea weupe. Ma Yuan, mchoraji wa China wa enzi ya Song ya Kusini, alisifika kwa kuyaweka mambo yote upande mmoja namna hiyo, na ukiitazama picha hii kwa dakika kadhaa unaelewa kwa nini: jicho linaingia kwenye utupu, linarudi mtini, linaingia tena, wala halichoki. Kijani cha mti kingelinasa mara moja na kulifunga hapo. Laozi asemapo katika sura ya 12 kwamba rangi tano hupofusha macho, zamani nilidhani anatia chumvi.

Karatasi nayo imesaidia. Karatasi isiyong'aa haifikii weusi mzito wa karatasi ya kung'aa, na kwa ukungu hilo ni faida, maana vijivu vinapokezana bila mshtuko. Kwa picha mbili za mapango ni hasara: vivuli vimeziba, na pale palipostahili kuonekana mwamba pana doa tu.

Malalamiko yangu makubwa ni kuhusu maji. Picha 10 za mito na mwambao zimepigwa kwa kichujio cheusi kinachopunguza mwanga takriban mara 1,000, kiasi kwamba picha ambayo ingetosheka na sehemu ya 30 ya sekunde huhitaji zaidi ya nusu dakika. Katika muda huo mawimbi hujifuta na maji hugeuka maziwa. Mara ya kwanza inapendeza. Ya tano inachosha. Isitoshe, nadhani hapa mpigapicha amechanganya utulivu na kutosogea. Kutenda bila kulazimisha, jambo ambalo Watao, wafuasi wa falsafa ya Tao, huliita wu wei, si kuyalazimisha maji yanyamaze. Maji ya Laozi ni laini, hukaa mahali pa chini ambapo watu hupadharau, lakini hakuna kinachoyashinda katika kukabili kilicho kigumu, na hayo yote huyafanya yakiwa mwendoni. Picha ya 23, iliyopigwa kwa shata ya haraka, inaonyesha kijito kikilizunguka jiwe na kuacha mstari mwembamba wa povu, nayo inasema mengi kuliko zile 10 zote.

Kisha kuna vikaratasi. Kila picha imeambatana na kimoja kinachoeleza maana yake: huu ni yin (upande wa giza na utulivu), ule ni yang (upande wa mwanga na mwendo), pengo hili ni Tao. Mtu aliyediriki kuacha robo tatu ya karatasi tupu hakupaswa kurudi kuijaza kwa maneno, na wahenga walikwisha kusema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Picha zilizobaki, za mianzi na theluji, ni safi lakini hazinivuti nizirudie.

Anayelinunua azitazame karibu na dirisha, mchana, kwa kuwa mwanga wa taa ya manjano huua vijivu vyepesi. Mimi nimetundika ya 7 na ya 23 bila kioo, na vikaratasi vyote 30 nimevitia kwenye bahasha.