Kura za maoni za simu Marekani: nyota tatu, moja nimeikata kwa sababu ya lafudhi yangu

Naanza kwa kukiri: bidhaa hii nimewahi kuipika mwenyewe. Kuanzia Septemba 2008 hadi mkesha wa uchaguzi wa Marekani nilikuwa napiga simu za kura za maoni Columbus, Ohio, saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, dola 9 kwa saa. Kampuni siitaji. (Ndugu zangu wa Tanzania, sizungumzii zile kura za maoni za ndani ya chama. Hapa ni kuwauliza watu watampigia nani, kisha kutangaza nani anaongoza.) Tangu hapo nimebaki mlaji tu, na kila msimu wa uchaguzi nazila kwa wingi.

Lebo yake inasema hivi: watu 1,000 wamehojiwa, kosa ni pointi 3 juu au chini. Lebo haidanganyi, ila inasema kidogo mno. Zile pointi 3 ni za bahati ya kuwapata hawa badala ya wale. Aliyekata simu hayumo. Aliyejibu asichokimaanisha naye hayumo, na huyu ndiye anayelalamikiwa miaka nenda miaka rudi, hasa mgombea akiwa mweusi na mpiga kura akiwa mzungu.

Lalamiko hilo lina jina la mtu. Tom Bradley, meya mweusi wa Los Angeles, aligombea ugavana wa California mwaka 1982. Kura za maoni zilimweka mbele mpaka siku za mwisho, na hata waliohojiwa wakitoka vituoni walionyesha kwamba kashinda. Hesabu zilipokamilika, George Deukmejian alikuwa amempita kwa kura kama 93,000 kati ya zaidi ya milioni 7. Basi ikasemwa: wazungu wamewaambia wahojaji "Bradley" ili wasionekane wabaguzi, na walipobaki peke yao na karatasi wakamwandika mwingine.

Mimi kesi hii siinunui nzima nzima. Bradley aliongoza kwa kura zilizopigwa vituoni siku ile. Kilichomwangusha ni kura za posta, ambazo chama cha Deukmejian kilikuwa kimezihangaikia kwelikweli. Mhojaji aliyesimama mlangoni mwa kituo atampata wapi mtu aliyepiga kura yake mezani kwake siku kadhaa kabla? Halafu kwenye karatasi ileile palikuwa na Pendekezo la 15, la kudhibiti bastola, lililowatoa nyumbani wapenda bunduki wengi. Lance Tarrance, mtafiti wa upande wa Deukmejian, alishikilia baadaye kwamba namba zake zilionyesha pengo likifunga mwishoni. Ni kweli alikuwa na maslahi yake, lakini hoja ina uzito.

Virginia 1989 ndiyo inayonikosesha raha. Douglas Wilder, mgombea mweusi, aliingia siku ya uchaguzi akiwa na uongozi mzuri kwenye kura za maoni, akapata ugavana kwa chini ya kura 7,000. Siku hiyohiyo, kwenye umeya wa jiji la New York, David Dinkins, naye mweusi, aliyetarajiwa kushinda kwa mbali, alimpita Rudy Giuliani kwa pointi kama 2. Na huko Virginia kuna watafiti waliopata wazo la kuangalia nani aliuliza. Wazungu waliohojiwa na mtu mweusi walimtaja Wilder zaidi ya wazungu waliohojiwa na mzungu, kwa pointi 8 hadi 11. Kumbuka hiyo ni simu. Hakuna aliyemwona mwenzake. Sauti tu.

Sauti yangu mimi haijifichi. Nikisema neno moja la Kiingereza, mtu anajua nimetoka mbali, na mwaka 2008 wengi walijua pia baba yake Obama alitoka upande uleule. Jioni moja ya Oktoba nilimpata bibi mmoja mwenye sauti ya upole. Akaniuliza, "Lafudhi yako inapendeza, binti, unatoka wapi?" Habari zetu tulikatazwa kutoa. Nikamjibu, "Napiga kutoka Columbus, mama," nikasoma swali kama lilivyo kwenye skrini. Akanyamaza. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe. Kisha akasema, "Obama, bila shaka," upesi, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Kodi, vita, mafuta, yote yaliyofuata aliyajibu kama angeyajibu McCain, mpinzani wa Obama, mwenyewe. Tulipoagana akaniambia nivae vizuri, nje kuna baridi. Alinidanganya? Sijui. Mimi nilibonyeza "Obama". Programu haikuwa na kitufe cha kunyamaza.

Kuna jambo lingine lililonifikirisha zaidi ya yule bibi. Deski la pembeni yangu aliketi kijana mzungu, mzaliwa wa Ohio, na namba tulikuwa tunagawiwa kutoka kapu moja. Wakati wa mapumziko alikuwa akinisimulia aliyoambiwa kuhusu Obama, maneno mengine hata kuyarudia aliona haya. Mimi kwa muda wote ule sikuambiwa hata moja. Mwanzoni nikadhani kwangu wanaficha. Baadaye nikaanza kuangalia simu ninazokatiwa kabla sijamaliza kusema kampuni inaitwaje. Zilikuwa nyingi. Mtu mwenye maneno yale ana haja gani ya kunitungia uongo? Anaweka simu chini tu, na mimi naendelea na namba ya pili. Namba za simu za mkononi tulizibonyeza kwa kidole, tarakimu kumi, moja moja, kwa kuwa sheria ya 1991 inazuia mashine kuzipigia bila idhini ya mwenyewe.

Kwa hiyo kasoro kubwa ya bidhaa hii naiona kwa wasiojibu kuliko kwa wanaodanganya. Shirika la utafiti la Pew lilikuwa likipata majibu kwenye simu zake kwa asilimia 36 mwaka 1997. Mwaka 2018 ilikuwa asilimia 6. Duka gani lingethubutu kusifia kitu kilichoonjwa na wateja sita kati ya mia?

Nisiwaonee watafiti, maana ushahidi mwingine uko upande wao. Mchujo wa New Hampshire, wa chama cha Democratic kumtafuta mgombea wake wa urais, Januari 2008, uliwaumbua: Obama aliwekwa mbele kwa pointi kama 8, Hillary Clinton akashinda. Watu wakapiga kelele, "Bradley tena!" Chama cha watafiti wa maoni kikaunda kamati, nayo haikuona ushahidi kwamba wazungu walidanganya kwa ajili ya rangi. Ikaona kwamba siku tano tu zilikuwa zimepita tangu mchujo wa Iowa, na watu walikuwa bado wanabadilisha mawazo. Novemba, Obama alishinda nchi nzima kwa pointi 7 na kidogo, karibu sawasawa na zilivyosema kura za maoni, za kwangu zikiwemo. Mtafiti Daniel Hopkins alipozipitia chaguzi za 1989 hadi 2006 alikuta pengo la pointi kama 3 kwa wagombea weusi katika miaka ya mwanzo, na baada ya katikati ya miaka ya 90 limetoweka. Yule bibi wangu, kama alidanganya, alikuwa na wenzake wachache.

Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chukua toleo la kujaza mwenyewe kwenye intaneti. Halina lafudhi. Kuna pia lile la orodha, ambalo nalipenda kwa ujanja wake: kundi moja linapewa mambo matatu ya kawaida, jingine linapewa hayohayo na la nne lenye aibu, na kila mtu anataja idadi tu ya yanayomkera, hasemi yapi. Tofauti ya wastani wa makundi mawili ndiyo jibu, na hakuna aliyejianika. Tatizo lake ni kwamba linataka watu wengi sana.

La simu nalipa nyota tatu. Ukilitumia, acha kutazama nani anaongoza kwa ngapi. Tazama mgombea mweusi ana asilimia ngapi zake mwenyewe, na wangapi wamesema hawajaamua. Wilder na Dinkins walipata karibu kile walichotabiriwa. Wale "hawajaamua" ndio walioenda kwa wapinzani wao.