Vipimo vya tezi: majibu unapewa, maana utajijua mwenyewe

Naandika kwa wanaotaka kupima tezi ya shingo hapa mjini Unguja, jina la maabara sitaji, sitaki ugomvi. Usafi mashaallah, sindano mara moja tu mshipa umepatikana (na mie mishipa yangu hujificha), majibu siku ya pili yake kwenye WhatsApp. Hapo sina neno.

Kasheshe karatasi yenyewe. TSH (homoni ya kuiamsha tezi) 0.2 mshale chini, FT4 (homoni ya tezi yenyewe) mshale juu, basi, hakuna hata mstari mmoja wa maelezo, nauliza mapokezi naambiwa mpelekee daktari wako. Usiku nikaingia intaneti nikasoma eti tezi yangu inafanya kazi kupita kiasi, nitakonda na joto litanizidi. Kukonda kupi? Mwaka mzima nanenepa, na kaskazi hii watu wanajipepea mie nimejitanda kanga mbili!

Nikarudi kulalamika ndo nikamkuta kijana mmoja wa pale ndani. Akaitizama karatasi, akanitizama na mie. "Mama, unatumia vidonge vya nywele?" Nikamwambia ndio, binti yangu kaniletea kutoka Dubai. Kumbe ile bayotini iliyomo (vitamini ya nywele) inavuruga baadhi ya mashine, TSH inasomeka ndogo na FT4 kubwa na wala sivyo. Nikaviacha wiki nzima nikapima tena, TSH 6.8, na pale kwao mwisho wa kawaida ni 4.2. Yaani tezi imelala, haikimbii! Akanifahamisha TSH haitoki shingoni, inatoka kichwani, ni kama mama anaemwamsha mtoto wa skuli, mtoto akizidi kulala na sauti inazidi kupanda. Daktari kasema turudie baada ya miezi miwili mitatu tuongeze na anti-TPO, kipimo cha kuona kama kinga ya mwili ndo inaishambulia tezi.

Kijana nampa nyota tano, maabara tatu, maana lile swali lilikuwa la kuulizwa mwanzo, nisingelipa elfu sitini mara mbili. Na ukirudia kupima, rudia hapohapo, kila maabara ina viwango vyake, shoga yangu wa Chake alilinganisha karatasi mbili, moja FT4 imeandikwa kwa pmol nyengine kwa ng (vizio tofauti, namba hazifanani), akalia bure.

Nenda kabla ya saa mbili, viti vichache. Na ukiwa na baridi kama mie chukua sweta, ile AC yao hawaizimi ng'o, mie nilingojea nje na walinzi.