Kitalu cha miche Utange: miche mizuri, bango lenye chumvi

Mkulima wa Kisauni anayetafuta miti ya kupanda kati ya mahindi na mihogo yake afike kwanza katika kitalu hiki kabla ya kununua kando ya barabara, ingawa bei hapa iko juu kidogo. Kinachonunuliwa si mche pekee, bali pia udongo uliomo kifukoni. Katika kila kifuko cha mvinje mtunzaji hutia konzi ya udongo uliochotwa chini ya mivinje mikongwe, kwa kuwa humo mna Frankia, bakteria wanaoingia mizizini na kuifanya naitrojeni ya hewani iwe chakula cha mti. Mche wa gilirisidia, mti wa jamii ya kunde, niliofunguliwa ulikuwa na mizizi iliyonyooka, isiyojiviringa chini ya kifuko, na yenye vinundu tele. Kimoja kilipopasuliwa kwa ukucha kilikuwa cha waridi ndani, dalili kwamba bakteria wake, ambao ni wa kundi jingine, wamo kazini.

Bango la langoni ndilo lisilostahili kuaminiwa, maana linaahidi kaboni kuongezeka udongoni ndani ya msimu mmoja wa mvua. Udongo wetu wa kichanga una mfinyanzi haba, na mfinyanzi ndio unaoyashika mabaki ya majani, mizizi na vijidudu yasioze yote na kurudi hewani kama kaboni dayoksaidi. Kwa hiyo akiba ya kaboni hujengeka kwa miaka, na jembe likipita kila msimu sehemu yake hupotea. Aina ya majani nayo ina neno. Ya gilirisidia huoza upesi na kuyafaa mahindi ya msimu huohuo, ilhali ya mvinje ni magumu mno: hapo jirani Bamburi, mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza mwaka 1971 kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, majani hayo yalirundikana tu hadi majongoo walipoletwa kuyatafuna, ndipo vijidudu wakayamudu na mboji ikaanza kutanda juu ya mwamba wa matumbawe.

Kwa shamba la chakula ningechagua gilirisidia, inayokatwa matawi na kutandazwa katikati ya mistari. Mvinje ukae mpakani, kwa ajili ya boriti, usije ukagombania maji na mahindi. Mnunuzi wa mivinje asisahau kuomba udongo wa ziada wa kutia mashimoni, kwani hutolewa bila malipo.