Studio ya picha ya mlango wa bluu pale Mwanga, walivyotutengenezea vitu vya kumbukumbu ya kaka

Nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeipunguza kwa sababu ya tisheti, nitafika huko.

Naandika hii maana watu wa Kigoma tukihudumiwa vibaya mji mzima unajua kabla ya jioni ila tukihudumiwa vizuri tunakaa kimya, na pia najua kuna familia nyingine itakuja kupita tulipopita sisi na itahitaji sehemu ya kutengeneza picha ya marehemu bila kuhojiwa kama wako kituoni. Ni ile studio ndogo ya Mwanga, ukitoka sokoni unashuka na Lumumba kama unaelekea stesheni, mlango wa bluu, nje kuna mashine ya kutoa kopi na mabenchi mawili. Bango lao jua limeshalifuta kitambo kwahiyo watu wanasema tu kwa kijana wa mlango wa bluu na bodaboda yeyote anakufikisha.

Tulichotaka ni picha moja kubwa yenye fremu na kioo ya kukaa sebuleni kwa mama, baneri ya kufunga kwenye turubai siku ya shughuli, tisheti za familia, na vikadi vya kugawa kanisani baada ya misa ya kumbukumbu. Ya kaka yangu. Alikuwa mwanajeshi, akaacha jeshi bado kijana kabisa, akarudi nyumbani akakaa na sisi, na baada ya muda akajitoa uhai. Nasema wazi hivyohivyo maana mtaani wote wanajua na habari za "aliugua ghafla" zimetuchosha, mama mwenyewe ndo alikuwa wa kwanza kukataa huo uongo.

Hatukuanzia hapa. Kuna sehemu nyingine mjini tulienda kwanza, kubwa tu, ina kiyoyozi, jina silitaji. Yule wa kaunta kaitazama picha kwenye simu yangu, kanitazama mimi, kasema kwa sauti ya kuita abiria, "huyu si ndo yule mwanajeshi aliyejimaliza?" na wateja wamejaa pale ndani wanasubiri paspoti saizi zao. Sikumjibu, nikachukua simu yangu nikaondoka. Sasa hapo hata wangenipa bure singerudi, na mtu akiniuliza tofauti ya hizi studio mbili namwambia moja inachapa vizuri zaidi tisheti, nyingine inajua kukaa na mtu mwenye msiba, chagua mwenyewe unataka nini.

Kijana wa mlango wa bluu yeye kauliza jina, kauliza tunataka lini, kauliza mama yupo? Nikamwambia yupo nyumbani. Kasema basi siku ya kuchagua picha mje nae, "maana dada mkija nyie wenyewe mtachagua aliyopendeza, mama atachagua anayofanana." Na ilikuwa kweli, mimi nilikuwa nimeshaandaa moja ya harusini, suti na tai, mama alipokuja (kijana kamwamkia vizuri, kampa kiti chake mwenyewe) akaipita kama haoni, akaenda moja kwa moja kwenye ile ya Congo.

Hiyo picha kaka yuko Beni, bereti ya bluu ya Umoja wa Mataifa, anacheka meno yote nje. Kwa wasiofuatilia, Baraza la Usalama liliunda brigedi maalumu Machi 2013, wanajeshi wakatoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na hawa hawakupelekwa kusimama getini na filimbi, walipelekwa kupigana, kwanza waasi wa M23 halafu baadae wa ADF. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, upande huohuo wa Beni, ikavamiwa, vijana wetu 15 wakauawa. Kaka hakuwa kwenye kambi ile ila waliokuwepo aliwajua, alikula nao, na tangu amerudi nyumbani taarifa ya habari ikitaja tu Beni ananyanyuka anatoka nje kama anaenda kuangalia kuku. Na sisi wa Kigoma Congo hatuisikii redioni tu, ukikaa Kibirizi siku isiyo na ukungu ile milima ng'ambo ya ziwa ndo Congo yenyewe, maboti yanakuja yanaenda, mamama wa vitenge wanaongea Kiswahili cha kule, mtu utaikwepea wapi. Watu walikuwa wanamwambia umerudi nyumbani sasa pumzika, wakati anaamka nayo kila asubuhi mbele ya macho.

Tatizo la kwanza picha ilikuwa mbovu. Ilishapita WhatsApp ya watu kibao, kijana akaivuta kwenye skrini ikawa vibox vibox, kasema hii dada imechoka, nikiichapa ukubwa mnaotaka uso utaondoka. Angekuwa mwingine angechapa tu achukue hela. Yeye kauliza nani aliipiga, tukatafuta tukafika kwa rafiki yake yuko Tabora, huyo ndo alikuwa na faili lenyewe, kijana akamwelekeza kwa simu atume kama dokumenti sio kama picha, ikaja safi mpaka unaona jasho kwenye paji la uso. Hili liandikeni mahali, kama una mtu wako na picha zake ziko kwa marafiki, ziombeni kama dokumenti, WhatsApp ikituma kama picha inaipunguza.

Tatizo la pili walilitengeneza wenyewe. Sampuli ya kwanza walimng'arisha. Unajua hizi editi zetu za Bongo, mtu mweusi tii anatoka rangi ya chai ya maziwa, ngozi haina hata kinyweleo, na kile kikovu chake cha juu ya nyusi ya kushoto, alichokipata utotoni kwa kuanguka kwenye mwembe wa watu, wamekifuta. Mama akaiangalia muda mrefu akasema, "mwanangu mko naye wapi hapa?" Kijana hakubishana, hakusema ndo staili wateja wanapenda, kakaa palepale mama akiwa pembeni anamwonyesha kwa kidole, rudisha hapa, ongeza weusi hapa, hapo kwenye jicho usiguse, mpaka kovu likarudi. Hakuongeza hela. Kwa hilo tu mi ningempa nyota tano ningekuwa na roho nyepesi.

Halafu kulikuwa na wenzake kwenye ile picha, wawili, mmoja kamshika bega. Kijana mwenyewe ndo kasema hawa wengine kama bado wako kazini tusiwaweke kwenye baneri barabarani bila wao kujua, tuwakate. Sawa, wakakatwa, ila mkono wa yule mmoja ukabaki pale begani, vidole vinne na saa ya plastiki. Anaweza kuufuta, katuuliza. Baba mdogo akasema ufutwe unaonekana vibaya, mama akasema uache. Ukaachwa. Wageni wengi wakija nyumbani wanauliza mkono wa nani, tunawaambia wa mwenzake, basi.

Kwenye maneno sasa. Hawa jamaa wana templeti zao tayari, unachagua namba, na karibu zote zimeandikwa Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Bibi yangu kasoma ile sampuli polepole na miwani yake akasema hapana hiyo kwa huyu iondoeni. Hakueleza na kijana hakumwuliza, kabonyeza kafuta, kasema "bibi tuweke nini?" Kikapita kimya kirefu, maana ukiondoa hayo maneno unagundua hujawahi kufikiria maneno mengine. Mwisho ikaandikwa jina lake, cheo chake koplo, mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki, na chini "mtoto wa kwanza wa mama". Hapo lazima nieleze, kwetu mama anaitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, kwahiyo hadi leo kila anayemsalimia sokoni anataja jina la kaka. Kuna waliojaribu kubadilisha wakaanza kumwita kwa jina langu mimi wakidhani wanamsaidia, akawakatalia palepale.

Vijana wa familia walitaka tisheti ziwe na mabakamabaka ya jeshi. Kijana akagoma kabisa, kasema mnakumbuka Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba raia warudishe sare na nguo zinazofanana nazo, mimi siwezi kuchapa hiyo nikawavalisha ukoo mzima mkapita nayo mbele ya wajeda. Binamu mmoja akanuna, lakini ni kweli, na shughuli ya kumkumbuka mwanajeshi ikimalizikia mikononi mwa wanajeshi wenzake ingekuwa kituko. Tukakwama kwenye rangi, mpaka mama akasema si alikuwa Yanga? Ikawa kijani na njano. Baba mdogo ni Simba wa kufa, yule hata soksi ya njano havai, siku ya misa tulimwona anakuja kutoka Gungu na bodaboda kavaa tisheti ya Yanga, kaichomekea kabisa, na hakuna aliyethubutu kumtania mpaka chakula kilipoisha.

Vikadi ndo sehemu niliyoona hawa watu wanafikiri. Mbele picha, ndani ratiba ya misa. Hiyo misa yenyewe bibi alikuwa na hofu nayo, alikulia zama ambazo mtu aliyekufa hivi hazikwi na padri, na ni kweli sheria ya Kanisa ya 1917 ilikuwa inawanyima mazishi waliojiua kwa makusudi, ila ile ya 1983 haijawataja tena na Katekisimu namba 2283 inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wao na Kanisa linawaombea. Padri alikuja mwenyewe nyumbani kumweleza, kakaa nae barazani kanywa chai yake. Bibi alimwuliza tu, kwahiyo jina lake litasomwa? Likasomwa.

Nyuma ya kadi kulikuwa wazi, kawaida wanaweka ua au njiwa. Binamu yetu ni nesi, akaomba tuweke maneno machache: kama hulali usiku, kama umeanza kugawa vitu vyako, kama unaona nyumbani wangekuwa na nafuu bila wewe, mwambie mtu leo, hospitali za rufaa za mikoa wana huduma ya afya ya akili na kwetu ni Maweni, namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199. Na mstari mmoja kwamba kumweleza daktari mawazo hayo sio kosa. Huo mstari aliung'ang'ania yeye, maana Kanuni ya Adhabu yetu kifungu cha 217 bado kinasema kujaribu kujiua ni kosa, na watu wanachanganya, wanadhani hata ukifungua mdomo kwa daktari unaitiwa polisi, kwahiyo wanafunga mdomo. Kaka nae aligawa vitu. Saa alimpa fundi baiskeli, redio akampa jirani, viatu vya jeshi akampa mlinzi, na sote tukasema jeshi limemfundisha ukarimu. Kijana kayapanga yale maneno vizuri yakaenea bila kubanana, njiwa akamtoa, na upande huo hakutuchaji. Siku ile nje ya kanisa wanaume walikuwa wanasoma upande wa nyuma wa kadi huku wamejifanya wanatafuta ratiba. Wawili walirudi kuniomba nyingine wakasema ni za majirani zao.

Haya, lawama zangu. Tisheti zilichelewa, ziliisha saizi kubwa ikabidi wasubiri mzigo kutoka Mwanza, na mtoa mzigo wa basi anajua yeye anafika lini, tukazichukua jioni ya kuamkia misa na zingine bado zinanuka gundi ya joto. Na chapa yake sio imara, ya kwangu nimeifua mara kadhaa tu herufi zimeanza kupasuka. Mwenyewe anasema ufue ukiwa umegeuza ndani nje na usipige pasi juu ya picha, sawa, ila alipaswa kuniambia siku nachukua. Kingine kile kindoano cha nyuma ya fremu ni chepesi kwa kioo kizito vile, tuliongeza wenyewe misumari miwili.

Bei: picha ya A2 na fremu na kioo elfu 60, baneri 25, tisheti 15 kila moja, kadi mia tano tano. Sio rahisi kuliko wengine, ila sio ghali. Unatanguliza nusu, hata kwa simu wanapokea. Umeme ukikatika hawana jenereta kwahiyo usiende dakika za mwisho, na Jumamosi asubuhi pamejaa wanafunzi wa paspoti, nenda mchana. Ukiwa unasubiri printa mama wa jirani pale anakaanga mgebuka mzuri na ugali wa muhogo, pilipili yake mwambie akuwekee pembeni.