Gozo au Comino?

Kama uko Malta na una siku moja tu, usiende kisiwa chake kidogo cha Comino mchana wa Agosti. Kisiwa ni kilomita za mraba 3.5, kivuli cha kutafuta, na watu wote wamejazana Blue Lagoon, ghuba yake ya kuogelea. Maji ni mazuri, sikatai. Ya kunywa beba yako, na takataka urudi nazo.

Mimi naenda Gozo, kisiwa jirani. Kivuko kutoka bandari ya Ċirkewwa, Malta, huchukua dakika 25 hivi, na nauli hulipwa wakati wa kurudi. Ukifika, panda basi hadi mji wa Marsalforn, tembea mpaka ufuko wa Xwejni. Vidimbwi vya chumvi vimechongwa mwambani, vimepangana kama mashimo ya bao. Usivikanyage, watu bado wanavuna chumvi humo. Na bahari Wamalta huiita baħar!