Nililipia masikio: uzoefu wangu na waongoza watalii wa msitu wa Rondo

Nianze na bei, maana najua ndilo swali la kwanza. Ilinitoka zaidi ya kodi yangu ya mwezi hapa Mtwara, na nililipa kwa mafungu baada ya minada ya korosho kuisha. Ndugu zangu walinicheka sana. Mjomba akauliza kama kweli nimemlipa mtu anioneshe miti wakati nyuma ya nyumba yake Mtama kuna pori bure. Nikamwambia miti naiona, ila sijui ninachokiona. Hakuridhika na jibu hilo, na nadhani mpaka leo ananisema kwenye vikao vya familia.

Kampuni sitaitaja jina. Nina sifa nyingi za kuipa na lawama moja nzito, na sitaki lawama hiyo igeuke ugomvi. Atakayeitafuta ataipata, maana wanaopeleka watu Rondo kuangalia mimea na wanyama wadogo si wengi.

Kwa asiyepajua, Rondo ni uwanda wa juu mkoani Lindi, unaupanda ukishaacha lami ya barabara ya Masasi. Chini ni joto, minazi na mikorosho. Juu kuna ubaridi, ukungu wa asubuhi na kipande cha msitu wa asili ambao sasa ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Hakuna simba wa kupiga picha wala nyumbu wanaovuka mto. Anayetaka hayo aende kaskazini, au aingie Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Rondo unakwenda kwa ajili ya vitu vidogo ambavyo havipo kwingine, na vitu vidogo bila mtu wa kukuonesha utavipita tu.

Tuliongozwa na watu wawili. Mmoja ni kijana aliyesomea misitu chuo cha Olmotonyi, Arusha, mpole, anatembea huku kichwa kimeinama upande mmoja muda wote. Mwanzoni nilidhani shingo inamuuma, kumbe anasikiliza. Wa pili ni mzee wa Kimwera wa kijiji kilichopakana na msitu, sote tukimwita babu, hata wageni wawili wa Uholanzi tuliokuwa nao. Kijana ana majina ya Kilatini. Babu ana majina ya Kimwera, na anajua mti upi umeangukia njia tangu masika.

Asubuhi ya kwanza tulitembea taratibu mpaka nikaanza kuchoka kwa kusimama. Kijana alikuwa anasubiri sauti moja. Ilipokuja, "chok, chok, chok" isiyobadilika, ikitoka juu kabisa kwenye majani, alinyoosha kidole kabla mimi sijajua kwamba ni ndege. Ni jamii ya zuwakulu, wa kijani kibichi, mnene wa mdomo. Alichotueleza ndicho kilichofanya nisahau miguu: zuwakulu wa umbo hili yupo hapa Rondo, kisha unamkuta tena msitu wa Ngoye, Afrika Kusini. Katikati, nchi nzima ya Msumbiji, hayupo. Maelezo yake ni kwamba misitu ya pwani zamani iliungana kwa upana, hali ya hewa ikakauka, misitu ikabaki vipande, na kila kipande kikabaki na viumbe wake. Nimekulia Lindi, nimesoma Lindi, na sijawahi kuambiwa kwamba tuna ndege mwenye ndugu zake Zululand, huko huko Afrika Kusini.

Mgeni mmoja alimwomba apige sauti ya ndege huyo kwenye simu ili ashuke chini apate picha nzuri. Kijana alikataa kwa adabu. Alisema ndege akisikia mwenzake kwenye eneo lake anaacha kulisha makinda anakuja kupigana na adui ambaye hayupo, na kikundi kikifuata kikundi anachoka bure. Yule mgeni alinuna kidogo. Mimi hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba hela yangu imekwenda mahali pazuri, kwa sababu nimewahi kuongozwa kwingine na mtu aliyerushia wanyama mawe ili wageuke.

Mchana babu ndiye alishika usukani. Alitusimamisha kwenye msandarusi, akatuonesha utomvu uliogandia kwenye gamba, unang'aa rangi ya asali. Kijana akaongeza historia: sandarusi, ndio utomvu huo, ile iliyochimbwa ardhini nyuma ya Kilwa na Lindi ilipelekwa Unguja, na kutoka huko wafanyabiashara wa Salem, Marekani, wakaichukua kutengenezea vanishi karne ya 19. Babu akasema yeye anaijua kama kitu cha kufukiza. Hawakubishana, kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi.

Kisha babu akafukua ming'oko. Nyinyi wa kusini mnaijua, inachemshwa na chumvi na kuuzwa stendi, unaimenya kwa meno. Nimeila tangu utotoni bila kujiuliza inatoka wapi. Aliufuata mti wake mwembamba uliojizungusha kwenye kichaka mpaka chini, akachimba kwa kijiti, akatoa kiazi, halafu kile kichwa cha juu akakirudisha kwenye shimo na kukifukia. "Huyu atakulisha tena," alisema. Kijana alieleza kwamba ni wa jamii moja na viazi vikuu, Dioscorea, ila huyu hajapandwa na mtu. Tulimaliza hapo muda mrefu kuliko ratiba ilivyosema na hakuna aliyelalamika.

Tulimwona pia sange akikimbia juu ya majani makavu, yule mwenye pua ndefu inayochezacheza. Alikaa mbele yetu kwa kufumba na kufumbua. Kijana alituambia wanasayansi wamemtenga na panya na virukanjia, na kwa ukoo yuko karibu zaidi na tembo. Sikuamini. Nilirudi nyumbani nikaangalia, ni kweli.

Sasa usiku, ambao ndio hasa nilioulipia.

Sisi watu wa pwani komba tunamjua. Ni yule anayelia kama mtoto juu ya mkorosho mpaka wageni wanashtuka, na wagema wanamlaumu kwa kuwanywea tembo kwenye vibuyu. Huyo ni komba mkubwa. Sikujua kwamba Rondo wapo wengine wadogo, na kwamba mmoja wao ni miongoni mwa komba wadogo kuliko wote duniani. Uzito wake ni kama gramu 60, yaani yai moja la kuku. Mkia wake una manyoya yaliyotuna kuelekea nchani. Wataalamu walimtambulisha rasmi kama aina ya peke yake mwaka 1996, na jina lake la kisayansi limebeba jina la uwanda huu, rondoensis. Amewahi kuingia zaidi ya mara moja kwenye orodha ya aina 25 za jamii ya nyani na komba zilizo hatarini zaidi duniani, kwa sababu anaishi kwenye vipande vya msitu wa pwani ambavyo vinazidi kukatwa: Rondo, Litipo karibu na ziwa Rutamba, Ziwani huku kwetu Mtwara, na vingine vichache mpaka karibu na Dar es Salaam.

Tulivaa mabuti ya mpira kwa sababu ya nyoka na siafu. Tuliambiwa tuzime tochi zetu zote, iwake ya kijana tu, tena yenye mwanga mwekundu. Haikuchukua muda macho yakaonekana, mawili, yanang'aa, yakaruka kutoka shina moja hadi jingine. Wote tukaguta. Mholanzi akauliza kwa kunong'ona kama ndiye. Kijana akajibu kwamba hajui. Komba wadogo wa aina mbili wanaishi msitu huu, kwa macho tu hawezi kuapa, tusubiri alie.

Tulisubiri. Mbu walitufaidi. Kwa kweli kuna waongoza watalii wengi ambao wangesema "ndiye huyo, piga picha, twende tukalale", na hakuna kati yetu ambaye angejua amedanganywa. Huyu alikaa kimya gizani akiwa na watu waliomlipa, ambao wameshaanza kupiga miayo, mpaka babu alipomgusa bega na kuonesha kushoto. Babu alisikia kwanza. Ukaja mlio mdogo, unaojirudia, kila mpigo una sehemu mbili zilizoshikana, unapanda halafu unazimika. Hapo kijana akatabasamu na kusema, "Sasa naapa."

Alitueleza kwamba komba wadogo wanafanana mno kwa sura, kwa hiyo wenyewe kwa wenyewe hutambuana kwa milio, na wataalamu nao wakalazimika kutumia milio kuwatenganisha. Ndiyo maana nikasema nililipia masikio. Kifaa cha kurekodi ungeweza kununua, ila mtu anayejua nini cha kusikiliza kwenye kelele zote zile za nyenje na vyura huwezi kumnunua dukani.

Nilipita pia nao Tendaguru, kilima cha hapa Lindi palipochimbwa mifupa ya dinosaria, safari ya nyongeza unayolipia pembeni. Kwa maoni yangu, nenda ukiwa na hamu ya historia, vinginevyo utarudi umenuna, kwa sababu ni kilima chenye vichaka na hakuna mfupa wa kuona. Mifupa, zaidi ya tani 200, ilibebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandari ya Lindi kati ya 1909 na 1913, ikapelekwa Berlin, na yule mjusi ambaye wabunge wetu wamekuwa wakimuulizia amesimama kule kwa kimo cha zaidi ya mita 13. Kijana hapa hakuwa na ladha ile ya msituni, alikuwa anasimulia kama anayesoma. Isipokuwa alipofika kwa Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, mwenyeji aliyekuwa na jicho la kuitambua mifupa kuliko mabwana zake. Mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Ilichukua karibu karne.

Hilo la Boheti ndilo linaniingiza kwenye lawama yangu. Karatasi ya matangazo ya kampuni ina picha ya kijana, elimu yake, ndege anaowajua. Ni haki yake. Babu hayupo, hata mstari mmoja. Nilipomuuliza kwa faragha, baada ya shikamoo na mazungumzo marefu ya mavuno, aliniambia analipwa kwa kutwa kama mbeba mizigo. Mzee aliyesikia komba kabla ya mtaalamu! Niliwaandikia ofisini kuhusu jambo hili. Walijibu kwa heshima kwamba wanalifanyia kazi, na nitaamini nikiona karatasi mpya.

Lawama ndogo ni lugha. Siku ya kwanza maelezo yote yalitolewa kwa Kiingereza kwa dakika nyingi, kisha sisi Waswahili, mimi na mwalimu mmoja wa Dar es Salaam, tukapewa muhtasari wa sentensi mbili. Tulilipa bei ileile. Nilimwambia kijana wakati wa chakula, naye hakujitetea. Kuanzia jioni alianza kwa Kiswahili na kugeukia Kiingereza baadaye, na kusema kweli maelezo yake yalinoga zaidi, kwa sababu babu naye aliweza kuchangia bila kusubiri kutafsiriwa. Ukiweka nafasi, uliza jambo hili mapema.

Mengine kwa kifupi. Chakula kizuri, kisamvu cha nazi na samaki mkavu, chai muda wote. Mahema safi, choo cha kuridhisha. Darubini za kuazima ni chache, mkiwa wengi mtagombania, kwa hiyo kama una yako beba. Masika usiende, gari lenu litalala kwenye tope la kupandia. Mimi nilikwenda mwishoni mwa kiangazi, wakati miombo ya huku chini inachipua majani mekundu kabla ya mvua, na njia nzima ilikuwa imependeza.

Nyota nne kati ya tano, na ukienda, bakshishi ya babu mpe mkononi mwake mwenyewe. Beba noti ndogondogo za kutosha, kule juu mtandao wa simu unakatika na wakala wa kutolea pesa hayupo karibu.